Wasio na Pembe Wawili

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Machi, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa amelazwa mjini Meru kwa siku tisa. Sitaeleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu walionieleza walinichosha, na sipendi kumchosha mtu mwingine. Aliniachia shamba la kahawa upande wa chini wa Githongo, binti mmoja aliyeolewa Embu, na mbuzi mmoja wa maziwa, kahawia mwenye mistari myeupe usoni, asiye na pembe.

Mbuzi huyo hakuwa wangu kwa namna yoyote. Alizaliwa na mbuzi aliyezaliwa na mbuzi ambaye mke wangu alitoka naye kwao Embu mwaka tuliooana, akiwa amempakata kama mtoto, na mimi nikiwa na aibu mbele za watu. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa mtu wa kahawa na yeye mtu wa mbuzi. Sikujua hata kumkamua. Nilijifunza wiki ya mazishi, kwa sababu mbuzi hasubiri matanga yaishe.

Siku ya saba pale hospitali aliniambia neno moja la nyumbani. Alisema, "Akizaa jike, usimpe mtu. Mpelekee mtoto wetu." Nikasema sawa. Alifumba macho, na mengine aliyosema baada ya hapo yalikuwa ya maji na mito.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu, na haikuwa ngumu. Mbuzi alikuwa amezeeka, labda amebakiza uzazi mmoja au miwili. Nilitakiwa kumpeleka kwa beberu, kungoja miezi mitano, na kupeleka jike Embu. Mtu wa darasa la saba anaweza hilo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Kikundi cha akina mama cha mbuzi kina mabeberu wawili, na kila mmoja anatunzwa katika boma la mwanachama. Mmoja yuko kwa jirani yangu wa chini, karibu sana hivi kwamba nikiwa kwenye kahawa nasikia akikohoa. Hana pembe. Ni mweupe na mpole, na watu wengi wanampenda, kwa sababu mbuzi wetu hulishwa bandani, na mwenye pembe hunasa kichwa kwenye mbao za kihori au humchoma mwenzake ubavuni. Wa pili yuko ng'ambo ya mto, juu kabisa, kwa mama mmoja mzee. Huyo ana pembe zilizopinda kwenda nyuma na hasira za asubuhi hadi jioni. Kufika kwake ukiwa na mbuzi anayevuta kamba ni mwendo wa karibu saa mbili.

Kila mbuzi wetu alipokuwa na joto, mke wangu alichukua kamba, akapita lango la jirani bila kugeuza kichwa, akashuka mtoni, akapanda ng'ambo. Mara nyingine mvua ikinyesha. Mimi nilimwona kutoka kwenye kahawa na nikaamua kwamba amekosana na mke wa jirani. Wanawake wa kikundi kimoja hawakosi jambo. Nililiamua hilo bila kumwuliza mtu, nikalishika kwa miaka.

Siku moja tu nilimsema. Nilimwambia beberu yuko hapa chini na yeye anazunguka mlima mzima. Alikuwa akipepeta maharagwe. Akajibu, "Wasio na pembe wawili hawaoani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mimi sina nywele kichwani, na mtoto tulipata."

"Mimi nilikuwa na nywele," akasema, akaendelea kupepeta.

Nililichukua kama mzaha. Niliwasimulia hata wazee wa kanisa, nao wakacheka. Ningekuwa nimeuliza swali moja, moja tu, nisingekuwa naandika haya.

Mwezi wa Juni baada ya mazishi, mbuzi alianza kulia asubuhi na kutikisa mkia. Nilichukua kamba. Nilipofika njiani jirani alikuwa langoni mwake na kikombe cha chai.

"Mzee, unaenda wapi, na beberu yuko hapa?"

Nilisimama. Nilifikiri juu ya ule ugomvi wa wanawake ambao niliutunga mwenyewe, na nikaona kwamba ni heri umalizike, mmoja wao akiwa ameshazikwa. Nikaingia. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kufungua lango. Jirani akanimiminia chai, tukazungumza habari za kiwanda cha kahawa, nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu. Naliandika hili waziwazi kwa sababu baadaye kila aliyenipa pole alitafuta wa kulaumiwa, na hakuna aliyenitaja mimi.

Mtoto alizaliwa Novemba, mmoja. Nilimkausha kwa gunia, nikainua mkia, nikaona ni jike. Kichwa chake kilikuwa laini, hakuna hata dalili ya pembe. Nilimpigia binti yangu Embu kabla ya kunawa mikono.

"Ni msichana?" aliuliza.

"Ni msichana."

Alilia, nami nikamwacha alie. Tulikubaliana nimkuze hadi atakapoweza kusafiri, halafu nimpeleke. Sasa, nilipokuwa nikimkausha nilikuwa nimeona kitu kidogo pale chini ya mkia, kama punje ya maharagwe, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na punje. Nilidhani ni uvimbe wa kuzaliwa, na kwamba utashuka. Haukushuka. Niliacha kuangalia.

Alikua upesi. Kufikia Aprili alikuwa na ndevu. Mbuzi jike wengine huwa na ndevu kidogo, hilo nilijua, nikajifariji nalo wiki mbili. Halafu shingo ikanenepa. Halafu akaanza kujikojolea miguu ya mbele na kunuka kama beberu wa ng'ambo, harufu inayoingia kwenye nguo na kukaa humo hadi kanisani. Alimpanda mama yake. Alinusa mkojo wake, akainua mdomo wa juu na kutazama mbinguni kama mtu anayekumbuka deni. Mama yake alimpiga teke na kuendelea kutafuna.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Kijana wa duka la dawa za mifugo alinipa dawa ya minyoo. Nilipomwambia mbuzi hana minyoo, ana ndevu, aliniambia dawa hiyo inafanya kazi nyingi. Katibu wa kikundi alisema ni vyakula vya kisasa, vina homoni, na kwamba niache kumpa pumba za dukani. Niliacha miezi miwili. Ndevu zilizidi, na maziwa ya mama yake yakapungua nusu. Wanawake watatu walikuja kuomba, wakaomba vizuri, lakini mmoja aliziba pua kwa leso tangu mwanzo hadi amina. Shemeji yangu alinivuta kando na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba labda marehemu hajaridhika. Nilimjibu kwamba marehemu alipokuwa hajaridhika alikuwa anasema.

Jirani yangu ndiye aliyenichosha kuliko wote, kwa sababu alikuwa akicheka kwa upendo. Kila asubuhi aliegemea ua.

"Mzee, huyo wako leo ameamkaje? Mama wa kwaya au mzee wa kanisa?"

Na kila Jumapili jioni binti yangu alipiga simu, na mwisho wa mazungumzo aliuliza, "Na mbuzi wangu anaendeleaje?" Nilimwambia anakua vizuri. Hilo halikuwa uongo. Alikuwa anakua vizuri mno, na hapo ndipo palikuwa na shida. Lakini nilijua ninachokifanya, na nilikifanya kwa miezi mitatu.

Julai daktari wa mifugo alikuja kijijini kuchanja. Ni mama kijana mwenye viatu vya mpira na subira nyingi. Nilimwomba apite kwangu. Hakuuliza habari za pumba. Alimshika mnyama, akamgeuza, akatazama ile punje, ambayo sasa ilikuwa kubwa kama kidole cha mtoto. Kisha akapapasa katikati ya mapaja ya nyuma, kila upande, akiwa amefumba macho. Akanishika mkono akaniweka vidole mahali hapo. Chini ya ngozi palikuwa na kitu cha mviringo kinachoteleza, na upande wa pili kingine.

"Hizo ni korodani, Mzee," akasema.

"Huyu ni jike. Nilimwona mwenyewe."

"Mama yake ana pembe?"

"Hana."

"Na baba?"

Nilitazama chini kwa jirani, ambako yule mweupe mpole alikuwa akikohoa.

Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunieleza, na nitajaribu kuandika kama nilivyoelewa, maana nilimrudisha nyuma mara nyingi. Alisema mtoto akiwa tumboni, mwanzoni kabisa, ana tezi mbili ndogo ambazo bado si korodani wala si za mayai. Seli zilizo ndani yake zinangoja neno. Kwa dume, neno linatoka kwenye urithi anaoupata kwa baba peke yake. Seli chache zinalisikia na zinaanza kuwaambia zilizo jirani nazo, nazo zinaambia nyingine, hadi tezi nzima inakuwa korodani. Hakuna anayepiga kelele kutoka mbali. Ni seli na seli ya pembeni yake. Kwa jike kuna neno lingine, linalosema ziwe za mayai, na neno hilo lina kazi ya pili, nayo ni kulinyamazisha lile la kwanza. Lisipolinyamazisha, lile la kwanza linaweza kujianzia lenyewe, hata pasipo urithi huo wa baba.

"Sasa," akasema, "mahali panapofanya mbuzi asiote pembe ni palepale panapoharibu hilo neno la jike. Akirithi hapo kwa mzazi mmoja tu, hana pembe na hana shida, ile nafasi ya pili inatosha. Akirithi kwa wazazi wote wawili, na kama alikuwa awe jike, basi hakuna wa kunyamazisha. Tezi zinakuwa korodani."

Nilimwuliza kama ni kila mara. Alisema hapana, ni bahati mbaya ya baadhi, ndiyo maana watu wanafanya kosa hili miaka mingi bila kulijua. Dume akirithi kwa wote wawili hadhuriki sana. Ni majike ndio wanaoharibika.

Nikauliza habari za ndevu. Alisema hapo sasa ndipo homoni zinaingia, na si za pumba. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Mnyama akifika umri, tezi hiyo hutuma homoni zake chini kwa damu. Haijui iko juu ya nani. Inatuma zile zile kwa jike na kwa dume, na chochote kitakachozipokea kitajibu kwa namna yake. Za mayai zingejibu kwa joto la kila wiki tatu. Hizi zilijibu kwa harufu.

"Kwa hiyo ni beberu," nikasema, nikiwa nimekata tamaa. "Basi atumike kama beberu."

Akatikisa kichwa. Alisema korodani ina seli za namna nyingi. Kuna zinazotengeneza homoni ya kiume, na hizo kwa huyu ziko nzima. Kuna zinazolea mbegu, zinazopokea amri ya ubongo na homoni ya jirani zao hapohapo, na hata hizo zipo. Lakini mbegu zenyewe, zile za kulelewa, haziwezi kuishi humo, kwa sababu ni za mwili uliokuwa uwe wa jike. "Walezi wapo," akasema. "Hakuna mtoto wa kulea."

Nilimshukuru. Alipokuwa akiosha mikono, aliniuliza ni nani aliyekuwa akimtunza mama mbuzi zamani, maana mwili wake ulionyesha mkono wa mtu anayejua. Nikamwambia. Akasema mke wangu aliwahi kuhudhuria mafunzo yake Ruiri, miaka kadhaa iliyopita, na kukaa mbele. Mimi sikujua kwamba aliwahi kwenda Ruiri kwa jambo la mbuzi. Nadhani niliambiwa.

Kabla ya kuondoka alinishauri nimtenge yule mnyama, kwa sababu harufu inaingia kwenye maziwa. Nilimjengea kibanda upande wa juu wa shamba, mbali na mama yake. Jumapili ile binti yangu alipopiga, nilimwambia yote, na kwamba kwa miezi mitatu nilimficha.

"Na mama yake?" akauliza.

Nikasema mama yake hajaonyesha joto tangu azae, na amezeeka, na naona amemaliza.

"Haya, Baba," akasema. Ningefurahi kama angenikemea.

Niliamua kumchinja yule asiye hiki wala kile tutakapokutana kumkumbuka mke wangu mwaka unaofuata. Shemeji alikubali haraka sana. Lakini Oktoba mvua zilianza kwa nguvu, na kibanda nilichokijenga kwa hasira kikaonyesha kilivyojengwa. Mchwa walikuwa wamekula nguzo mbili. Nilimkuta asubuhi amesimama kwenye matope hadi magoti, analia kama mtu. Sikuwa na mahali pengine. Nilimrudisha bandani kwa mama yake, nikaweka ubao katikati, nikajiambia maziwa yanuke yakitaka.

Siku ya nne nilipoenda kukata kaliandra, majani ya kuwalisha, niliona mama mbuzi amesimama karibu na ubao, anatikisa mkia, analia. Nilidhani ni mgonjwa. Niliweka panga chini, nikatazama vizuri, nikampigia daktari. Alicheka kwenye simu, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Alisema harufu ya dume anayefika ghafla baada ya kukosekana humwamsha jike, na mwili wa jike haumwulizi mwenye harufu kama ana mbegu.

"Mpeleke leo," akasema. "Na Mzee, mpeleke kwa mwenye pembe."

Nilichukua kamba. Jirani alikuwa langoni.

"Mzee, beberu yuko hapa," akasema.

Nikamwambia najua aliko, nikapita. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Pale mtoni mbuzi aligoma kuvuka, nikambeba kifuani, kwato zake zikinikwaruza shati. Miaka sitini na mitatu, nimepakata mbuzi. Ng'ambo alijua njia kuliko mimi. Nilipotaka kufuata barabara ya gari yeye alivuta kushoto, kwenye kichochoro cha katikati ya migomba, na kilitutoa moja kwa moja mlangoni.

Mama mzee alikuwa akimenya ndizi. Alimtazama mbuzi kabla ya kunitazama mimi.

"Huyu namjua," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nilidhani kila mtu alijua. Huko juu habari hazikufika, au zilifika bila jina la mbuzi. Nikamwambia. Aliweka kisu chini. Akasema nilipaswa kuja kumwambia mapema, na ilikuwa kweli.

Beberu alifanya kazi yake kwa kelele nyingi na kuniparua mkono kwa pembe. Mama mzee alileta chai, akaniambia nikae kwenye gogo fulani kwa sababu ndipo mke wangu alipokuwa akikaa. Nilimwuliza kama aliwahi kumweleza kwa nini anakuja mbali hivi.

"Alinieleza yote, habari ya pembe na watoto wanaoharibika. Ndiye aliyenifundisha mimi." Akanitazama. "Alisema mumewe anadhani amekosana na jirani. Nikamwambia mwambie basi. Akasema, akiuliza nitamwambia."

Nilikunywa chai ile hadi mwisho kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya na mdomo wangu.

Sikumpigia binti yangu simu. Safari hii niliona nisiseme kitu ambacho sijakiona. Daktari alikuwa ameniambia nihesabu wiki tatu. Ikiwa hakushika mimba, joto litarudi, na yule wa upande wa pili wa ubao atalijua kabla yangu. Ikiwa halirudi, huenda ameshika, au huenda ni mzee tu. Nilihesabu. Shemeji alikuja kuuliza tarehe ya kuchinja, nikamwambia ana kazi kwanza.

Siku ya ishirini na moja niliondoa ubao asubuhi, baada ya kukamua. Yule mwenye ndevu aliingia. Alimnusa mama yake pale nyuma, akainua mdomo wa juu, akakaa hivyo kidogo. Kisha akageuka bila kumpanda, akaenda kwenye kihori, akaanza kula kaliandra.